Kabla ya Kuongeza Mkopo wa Nyumba ya Bei Nafuu ili Ulipe Madeni

Mkenya aliyepata nyumba kupitia mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu huwa na kitu ambacho wakopeshaji wanakipenda: mali isiyohamishika na rekodi ya malipo ya kila mwezi. Ndiyo maana madeni mengine yakimbana, ya simu, ya Sacco, ya kadi na ya benki, hakawii kuambiwa aongeze mkopo wa nyumba, ayalipe yote, abaki na deni moja. Ushauri huo unawafaa watu wachache. Wengi wanaoufuata hupata nafuu kwa miezi kadhaa, kisha hugundua kwamba deni ambalo lingekwisha kwa miaka mitatu sasa limeshikiliwa na paa lililo juu ya watoto wao.

Swali la kwanza halihusu riba. Uliza: je, nyumba hii ni yako kiasi cha kuweza kuiweka rehani?

Hapo inategemea ulinunua kwa njia gani. Ukiwa mpangaji-mnunuzi, unalipa kila mwezi kama kodi na hati inabaki kwa mwenye mpango hadi umalize, huna cha kuweka rehani. Ulicho nacho ni mkataba wa kununua. Atakayekuahidi kukupa mkopo mkubwa kwa kushikilia mkataba huo au barua ya kugawiwa nyumba, mwepuke. Barua ya kugawiwa haisajiliwi kama rehani, na mara nyingi anachokilenga ni kuinunua nyumba yako chini ya meza.

Ukiwa ulinunua kwa mkopo wa benki au Sacco na hatimiliki ya nyumba imeshatoka chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, mlango upo, ila una komeo. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkataza mnunuzi kuuza nyumba yake, au maslahi yake ndani ya nyumba hiyo, bila idhini ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Benki inaijua sheria hiyo. Dhamana isiyouzika kwa uhuru ina thamani ndogo machoni pake, kwa hiyo itataka kuona maandishi ya Bodi na itakukopesha sehemu ndogo kuliko ambayo ingekopesha kwa nyumba ya kawaida. Andikia Bodi kwanza, ukieleza ni rehani ya kiasi gani, kwa mkopeshaji gani na kwa madhumuni gani. Usimlipe mthamini wala wakili kabla jibu halijaja. Watu wamelipia ripoti ya uthamini, kisha ombi likakwama kwenye idhini. Pesa ya mthamini hairudi.

Kama umeoa au umeolewa na mnaishi humo, mwenzio lazima akubali. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema rehani juu ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu mwenzi anapotia sahihi au pakiwa na ushahidi kwamba ameridhia. Si karatasi ya kusukumiwa mtu usiku akiwa amechoka. Mwonyeshe madeni yote, hata yale ya simu ambayo hajawahi kuyasikia.

Sasa hesabu. Tuchukue deni moja la kawaida: mkopo wa benki usio na dhamana, salio shilingi 400,000, riba 18% kwa mwaka, miaka mitatu imebaki. Malipo ni karibu shilingi 14,460 kwa mwezi. Hadi mwisho utakuwa umelipa riba ya kama shilingi 120,600.

Benki inakwambia: tulihamishie kwenye mkopo wa nyumba, riba 14%, miaka 15. Malipo yanashuka hadi shilingi 5,327 kwa mwezi. Umepumua kwa shilingi 9,000 na ushee kila mwezi, na hapo ndipo watu wengi hutia sahihi. Lakini zidisha 5,327 kwa miezi 180. Utalipa karibu shilingi 958,900, yaani riba ya karibu 559,000, zaidi ya mara nne ya ile ya awali, ingawa kiwango cha riba kimeshuka. Muda ndio uliokula pesa.

Na ukiamua kulilipa deni hilo ndani ya miaka mitatu ileile kwa 14%? Malipo yanakuwa kama 13,670 kwa mwezi, na unaokoa takriban shilingi 28,400 kwa miaka yote mitatu. Kutoka hapo toa ada ya benki ya kuandaa mkopo na ushuru wake, mthamini, wakili, nyongeza ya bima, na faini ya kulipa mapema kama mkopo wako wa zamani unayo. Ushuru wa stempu juu ya rehani ni mdogo, 0.1% ya kiasi kinacholindwa, lakini ukihamia benki nyingine unatozwa kwa mkopo mzima, si kwa nyongeza peke yake. Mara nyingi akiba yote inaishia hapo. Omba benki ikuandikie gharama zote pamoja na jedwali la malipo la mwezi kwa mwezi, na usome jumla iliyo chini kabisa ya ukurasa wa mwisho.

Tena, madeni hayalingani, na kuyakusanya yote kwenye kapu moja ni kosa. Mkopo wa masomo wa Helb una riba ya 4%. Kuupeleka kwenye mkopo wa nyumba wa 14% ni kujiongezea mzigo kwa hiari. Sacco nyingi hutoza kama 12% kwa mwaka kwa salio linalopungua, na mkopo huo una wadhamini na akiba yako nyuma yake. Ukiulipa kwa rehani unawaondolea wadhamini hatari na kuibebesha nyumba. Mikopo ya simu ndiyo ghali kweli: ada ya 7.5% kwa siku 30 inaonekana ndogo, lakini ukikopa upya kila mwezi, kufikia mwisho wa mwaka umelipa ada ya 90% ya ulichokopa. Hata hivyo, kiasi chake kwa kawaida ni kidogo. Kiue kwa bonasi, kwa kuuza kitu, au kwa mkopo mfupi wa Sacco. Deni la siku 30 halistahili kulipwa kwa miaka 15.

Kuna jambo ambalo wakopaji wengi hawaambiwi. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: mkopo wa benki ukishaingia kwenye orodha ya isiyolipwa, riba inayodaiwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi salio la mtaji, yaani kiasi kilichokopwa bila riba, la siku hiyo. Mathalani mtaji ulikuwa shilingi 200,000, na kwa riba deni limefika 330,000. Likiachwa lilivyo haliwezi kupita 400,000, ukiacha gharama za kulikusanya. Ukilifuta kwa mkopo mpya wa nyumba, ile 330,000 yote inageuka mtaji mpya, na riba inaanza kuhesabiwa juu ya riba. Kinga uliyokuwa nayo imeyeyuka. Mwenye deni la aina hii na azungumze kwanza na benki ileile kuhusu kupanga upya malipo au kupunguziwa riba. Benki nyingi hukubali kuliko kwenda mahakamani.

Kwa nini tunasisitiza mahakama? Kwa sababu ndiyo tofauti kubwa. Anayekudai deni lisilo na dhamana akitaka mali yako lazima akushtaki, ashinde, ndipo aombe kutekeleza hukumu. Mkopeshaji mwenye rehani hahitaji kushtaki. Ukikosa kulipa na ikapita mwezi mmoja, anaweza kukupa notisi ya angalau miezi mitatu ya kurekebisha. Ukishindwa, inafuata notisi ya siku 40 ya kuuza, naye dalali wa mnada hutoa notisi yake ya siku 45. Sheria inamtaka mwenye rehani atafute bei nzuri, na bei ikiwa chini ya thamani ya soko kwa 25% au zaidi unaweza kumtaka ajieleze kortini. Ni kinga ya kweli, lakini ukifikia kuihitaji tayari mabango ya mnada yameshabandikwa.

Kuna na kodi. Riba ya mkopo wa kununua au kuboresha nyumba unayoishi hupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, na tangu mwisho wa 2024 kikomo ni shilingi 360,000 kwa mwaka. Riba ya nyongeza uliyochukua kulipia madeni ya kibinafsi haimo. Zikichanganywa kwenye akaunti moja, wewe na mwajiri wako mtashindwa kuonyesha ipi ni ipi. Iombe benki ifungue nyongeza kama akaunti ndogo ya pekee, yenye muda wake mfupi na taarifa yake. Hilo linakusaidia mara mbili, kwa kuwa linakuzuia kulitandaza deni la miaka mitatu kwenye miaka yote iliyobaki ya nyumba. Uliza pia kama riba nafuu uliyopewa wakati wa kununua itabaki kwa salio la zamani. Kuandikwa upya kwa mkopo mzima kunaweza kukuhamisha kwenye riba ya soko, na hapo hasara inakuwa kubwa kuliko madeni yenyewe.

Ukishapima na bado hesabu inakubali, kwa mfano madeni yako mengi ni ya zaidi ya 20%, idhini ya Bodi ipo, na nyongeza utaimaliza ndani ya miaka mitatu au minne, basi andaa karatasi zako: kitambulisho na PIN ya KRA, hati za malipo ya mshahara za miezi mitatu, taarifa ya benki ya miezi sita, ripoti ya CRB (shirika linalotunza rekodi za mikopo), ambayo una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, na barua ya salio la kumalizia kutoka kwa kila anayekudai. Barua hiyo iwe na tarehe ya mwisho, maana salio hubadilika kila siku. Angalia pia hati ya mshahara wako: sheria ya ajira hairuhusu makato kupita theluthi mbili.

Katika barua ya mkopo tafuta maneno yanayosema nyumba inalinda madeni yote uliyonayo au utakayokuwa nayo kwa benki hiyo. Yakiwapo, hata kadi utakayochukua kesho iko chini ya rehani. Omba rehani itaje kiasi cha mkopo huu tu. Na kama riba inabadilika, benki lazima ikupe notisi ya maandishi ya siku 30 kabla ya kuipandisha. Weka anwani na simu zako sahihi.

Pesa zisipite mikononi mwako. Benki ilipe kila mdai moja kwa moja, nawe siku hiyohiyo uombe kadi ifungwe na kiwango cha kukopa kwa simu kishushwe. Wanaorudi kwenye shida ni wale waliolipa kadi na kuiacha wazi. Baada ya wiki moja chukua barua ya kumaliza deni kwa kila mdai, upeleke nakala kwa ofisi ya mishahara ili makato ya zamani yasimamishwe, kwa sababu yasiposimamishwa utakatwa mara mbili na kurudishiwa huchukua miezi. Baada ya siku 30 hadi 60 toa ripoti ya CRB tena, uangalie kama kila deni limeandikwa kuwa limelipwa. Lisipoandikwa, andika malalamiko kwa mkopeshaji na kwa CRB, ukiambatisha ile barua.