Kabla ya kukokotoa wastani, uliza data zimetoka kwa nani

Nimefundisha takwimu miaka mingi, na kila ninaposahihisha karatasi za watahiniwa naona jambo lilelile: hesabu wanaziweza. Alama huwapotea mapema zaidi, pale swali linapotaka wajue namba zimekusanywaje na zinamwakilisha nani.

Chukua aina za data. Idadi ya ndugu huhesabiwa, urefu hupimwa, na namba ya jezi ni jina tu lililoandikwa kwa tarakimu. Wastani wa jezi za wachezaji 11 utaupata ukitaka, ila hautakuambia kitu.

Kisha kuna kundi lengwa, yaani wote unaotaka kuwajua, na sampuli, yaani wale uliowafikia. Hapa ndipo ninapowasihi wanafunzi watulie. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba katika uchaguzi wa rais Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, nao ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, ambapo wenye simu na magari walikuwa hasa wenye nafuu. Isitoshe, wengi waliotumiwa hawakujibu, na maoni ya waliojibu hayakulingana na ya walionyamaza. Mtafiti wa maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo kuliko hiyo mara nyingi, alimtaja mshindi sawasawa. Kwa hiyo swali likieleza sampuli yenye upendeleo, usijibu “iongezwe ukubwa.” Ukiongeza watu kutoka orodha ileile, unaongeza kosa lilelile.

Watahiniwa huchanganya sana sampuli ya matabaka na ya vishada. Kwenye matabaka unachukua wachache kutoka kila kundi. Kwenye vishada unachagua makundi machache kwa nasibu, kisha unawahoji wote waliomo. Swali likisema “kutoka kila darasa,” hayo ni matabaka. Likisema “madarasa matatu yalichaguliwa, wanafunzi wote wakahojiwa,” hivyo ni vishada.

Kuhusu hojaji, yaani orodha ya maswali unayowapa watu wajibu, kosa ninalokutana nalo zaidi ni maswali mawili ndani ya moja: “Je, somo ni rahisi na la kuvutia?” Anayeliona rahisi lakini linachosha ajibu nini?

Sasa tukokotoe: 2, 3, 3, 4, 28. Jumla ni 40, wastani 8, mediani (namba ya katikati) 3, modi (inayojirudia zaidi) 3. Wanne kati ya watano wako chini ya wastani, kwa sababu 28 imeuvuta juu, mediani haikutikisika. Tofauti za kila namba na wastani, zikipigwa kipeo cha pili na kujumlishwa, zinatoa 502. Gawanya kwa 5, variansi, yaani kipimo cha namba zilivyotawanyika, ni 100.4. Gawanya kwa 4, ni 125.5. Majibu yote mawili ni sahihi, kila moja kwa swali lake. Namba hizi tano zikiwa ndizo kundi lote, gawanya kwa 5. Zikiwa sampuli na unakadiria variansi ya kundi kubwa, gawanya kwa 4, kwani tofauti zimepimwa kutoka wastani wa sampuli yenyewe, ambao daima uko karibu mno na namba zake, na kugawanya kwa 5 kungeshusha makadirio. Kinachokuambia ugawanye kwa ngapi ni neno moja katika sentensi ya kwanza ya swali, ile ambayo wengi huiruka.