Nyumba yenye miezi miwili: fedha za familia kati ya giza na mbalamwezi

Asubuhi za mbalamwezi, Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, huwa pametulia kuliko kawaida. Mitumbwi ya dagaa imevutwa ufukweni, taa zimewekwa ndani, na baba aliyezoea kurudi alfajiri na hela mkononi ameketi nyumbani. Dagaa hufuata mwanga wa taa usiku. Mwezi ukiangaza ziwa zima taa haina kazi, na wavuvi hukaa nchi kavu siku 7 hadi 10 mpaka giza lirudi. Watoto wa huku ziwani wanalijua hilo kabla hawajajua kusoma. Wanajua pia kwamba siku hizo mama hutegemea daftari la madeni la dukani, si pochi.

Kwa muda mrefu sisi tunaotoa elimu ya fedha tumefundisha akiba kana kwamba kila mtu analipwa mshahara mwisho wa mwezi. Ushauri huo unamfaa mwalimu au muuguzi. Haumsaidii sana mtu anayeishi kwa mgao wa chombo, ambako mauzo hutolewa kwanza mafuta na chakula cha safari, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Nyumba yake ina miezi miwili. Mapato yanafuata mwezi wa angani, wenye siku 29 na nusu. Kodi ya chumba, umeme wa LUKU na michango ya shule vinafuata mwezi wa kalenda ya ukutani. Miezi hiyo haiendi sambamba, na kila mwaka inapishana kwa siku 11 hivi, ndiyo maana mwaka mmoja mbalamwezi inaangukia wiki ya kufungua shule na mwaka mwingine inaikwepa.

Si wavuvi peke yao. Mama lishe wa Mwaloni anauza sahani chache wavuvi wakiwa hawana hela, na mwenye bodaboda wa Igombe anakosa abiria na mizigo.

Tuchukue nyumba ya mfano. Siku 20 za giza inaingiza wastani wa Sh25,000 kwa siku, jumla Sh500,000. Ikitumia Sh18,000 kwa siku, giza linaisha ikiwa imebakiza Sh140,000. Siku 10 za mbalamwezi, kwa matumizi ya Sh12,000, zinahitaji Sh120,000. Nyumba hiyo inajitosheleza, ingawa kwa kubana. Lakini kama ile ziada ya Sh7,000 kwa siku ilipita kidogo kidogo kwenye soda, vocha na nyama ya kuchoma ya siku dagaa walipojaa, mbalamwezi inamkuta mama hana kitu. Anakopa Sh100,000 kwa ahadi ya kurudisha Sh130,000 giza likirudi. Mwaka una mbalamwezi 12, mara nyingine 13. Akikopa hivyo kila mara, atalipa walau Sh360,000 za nyongeza tu kwa mwaka, na kipato chake hakijapungua hata shilingi. Tatizo lilikuwa ni siku ambazo hela iliingia na siku ambazo ilihitajika.

Mikopo hiyo mtaani inaitwa kausha damu, na jina limetokana na maumivu ya kweli. Nimekaa na akina mama waliochukuliwa godoro, televisheni, hata jiko la gesi mbele ya watoto wao. Naomba kila familia ijue hili: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Kabla ya kuweka dole gumba, omba kuona leseni, soma mkataba, na uulize kwa shilingi, si kwa asilimia: nitarudisha kiasi gani kwa jumla, na nikichelewa wiki moja nitaongezewa nini? Anayekasirikia maswali hayo, muache.

Mama yeyote wa mwaloni anajua dagaa mbichi hawalali. Wakifika wanaanikwa siku ileile, na mvua ikinyesha watu wanakimbia kuwafunika. Hela ya mgao ni mbichi vilevile. Ikilala mfukoni asubuhi haipo. Kwa hiyo ianikwe siku ileile. Njia ninayoipenda kuliko zote ni kununua mbalamwezi mapema: gunia la mkaa badala ya kopo la kila jioni, mchele na maharage ya siku 10, sabuni ya mche mzima. Kopo kwa kopo, gunia lilelile linakugharimu zaidi. Wenye nyumba wengine, ukiwaeleza vizuri, wanakubali kupokea kodi giza linapoisha badala ya tarehe moja. Wengi wetu hatujawahi kuuliza.

Kinachobaki kipelekwe kwenye kikundi cha hisa au akaunti ya simu isiyofunguka kirahisi. Kikundi kiwe kimesajiliwa kupitia halmashauri. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza. Huyohuyo ndiye wa kumuuliza kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Lakini hakuna kati ya haya litakalosimama kama mume hasemi amepata mgao gani na mke anaficha deni la kikundi. Nimeona ndoa zikitikiswa na Sh50,000 ambazo zingezungumzwa jioni moja. Jaribuni hivi: siku giza linapoanza, kaeni na watoto wakubwa mbele ya kalenda. Mzungushie mviringo wa kalamu siku za mbalamwezi inayokuja, kisha andikeni pembeni vitu vitakavyoliwa siku hizo na nani atavinunua. Mpeni mtoto wa darasa la tano kazi ya kuweka alama kila kimoja kinapopatikana. Atawakumbusha ninyi kabla hamjakumbuka.