Heroe wa Mto Sabaki: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Kaskazini ya mji wa Malindi, pale Mto Sabaki unapomwaga baharini maji yake yenye udongo mwekundu, heroe huonekana wakitafuta riziki matopeni maji yanapokupwa. Dhana inayonisikitisha kuliko zote, kwa kuwa humpa mtu kisingizio cha kuwafukuza, ni kwamba ndege hawa huwamalizia wavuvi samaki. Mdomo wa heroe haukuumbwa kwa kazi hiyo. Huinamisha kichwa hadi sehemu ya juu ya mdomo ikaelekea chini, akayavuta na kuyasukuma maji kwa ulimi wake mnene, na vichujio vilivyo kwenye kingo za mdomo vikayaachia maji na kuzuia chakula, mfano wa kifumbu kinavyopitisha tui na kuzuia machicha. Heroe mkubwa, awezaye kufikia kimo cha sentimita 150, hupata hivyo vijidudu vya jamii ya uduvi, konokono wadogo, minyoo na mabuu ya wadudu. Heroe mdogo, mwenye mdomo mwekundu uliokoza, hutegemea hasa viumbe mfano wa mwani visivyoonekana kwa macho matupu.

Chakula hichohicho ndicho kiletacho rangi ya waridi, ambayo wengi hudhani ni ya kuzaliwa. Kifaranga huanguliwa akiwa na malaika ya kijivu na mdomo ulionyooka, na rangi humjia polepole kutokana na karotenoidi, kemikali za jamii moja na zile zinazoipa karoti rangi yake. Baba na mama wote humlisha maji mekundu kama maziwa yatokayo kooni mwao, na manyoya yao wenyewe hufifia katika malezi hayo.

Kile kinachoitwa goti lake la kinyumenyume ni kifundo cha mguu. Goti limefichwa na manyoya karibu na tumbo.

Wapo pia wanaoamini kwamba heroe wadogo huzaliana papa hapa Sabaki. Karibu wote wa Afrika Mashariki huzaliana katika Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ambako maji makali ya magadi na matope yake huwazuia fisi na mbweha kuvifikia viota. Jike hutaga yai moja tu juu ya kichuguu cha tope, nalo huatamiwa kwa siku 28 hivi. Safari zao ndefu huzifanya usiku, na ndiyo sababu mtu huweza kuwaacha jioni wametanda matopeni, akarudi alfajiri akakuta nyayo zao tu.