Paa Kwanza, Rangi Baadaye

Mgeni akiingia makumbushoni na kuiona ndege kubwa ya abiria iliyostaafu, jicho lake huenda kwanza kwenye rangi. Ikiwa inang'aa, husema ndege imetunzwa. Ikiwa imepauka, husikitika. Mimi nimeifanya kazi ya kuhifadhi ndege hizi kwa miaka mingi, na kitu cha kwanza ninachofanya ni kuinama nikatazama chini ya tumbo. Huko kuna matundu madogo, mengine hayazidi unene wa penseli, yaliyowekwa na waundaji ili maji yatoke. Nikiyakuta yameziba, sina haja ya kuuliza hali ya ndani. Maji yamo, na yameshaanza kula.

Kila nikizungumza na wapenzi wa ndege huulizwa swali lile lile: ilikuwaje ndege ya kihistoria, iliyokwisha kufika salama makumbushoni, ikaachwa hadi ikakatwakatwa? Wengi hudhani ni uzembe. Nionavyo mimi, mara nyingi ni hesabu iliyokosewa siku ile ndege ilipopokelewa.

Kuna zile zilizopotea kabla hata wazo la kuzihifadhi halijashika. Handley Page H.P.42, ndege za mabawa mawili ya ghorofa zilizobeba abiria wa Imperial Airways miaka ya 1930, zilijengwa 8 na hakuna hata moja iliyobaki. Boeing 314, zile ndege za kutua majini zilizovusha abiria wa Pan American baharini, zilijengwa 12. Zote zimetoweka, na anayetaka kujua ilikuwaje kukaa ndani yake hulazimika kwenda Foynes, Ireland, kuona mfano uliojengwa upya. Hizo nazisikitikia kama mtu anavyomsikitikia babu ambaye hakumkuta.

Zinazoniuma ni zile zilizofia mikononi mwetu. Mwaka 2006 mkusanyiko wa ndege za British Airways uliokuwa kwenye makumbusho ya Cosford, Uingereza, ulivunjwa. Boeing 707, Trident na VC10, ndege tatu zilizosimama nje kwenye mvua kwa miaka, zilikatwa. Kiwiliwili cha VC10 kilipelekwa makumbusho ya Brooklands, na vipande vya mbele vya zile nyingine vikapata makao kwingine. Zilifika Cosford zikiruka zenyewe, zikiwa nzima. Hazikuwa na paa.

Ili uelewe kwa nini paa lina uzito huo, lazima ujue ndege inaishije ikiwa kazini. Ndege ya abiria haikuundwa kusimama. Inaporuka kila siku, mifumo yake huwashwa, hewa ya ndani hubadilishwa, na maji yaliyojikusanya hupata nafasi ya kutoka. Kila baada ya muda fulani huingizwa hangani, yaani banda la ndege, sakafu ikang'olewa, kuta za ndani zikafunguliwa, mafundi wakapita na tochi fremu moja baada ya nyingine. Wakiona doa la kutu hulikwangua, wakapaka dawa, wakafunga. Siku inapokabidhiwa makumbusho, uangalizi huo wote hukoma. Magonjwa yaliyokuwa yakidhibitiwa yanaachiwa njia.

Chuma cha ndege, kama watu wengi wanavyokiita, kwa sehemu kubwa si chuma bali ni alumini iliyochanganywa na madini mengine. Aloi iliyotumika zaidi kwenye ngozi za viwiliwili, inayojulikana kwa namba 2024, ina shaba kiasi cha asilimia 4 hivi. Shaba hiyo ndiyo huipa nguvu, na ndiyo hiyo hiyo huifanya iwe dhaifu mbele ya unyevu. Kwa hiyo watengenezaji huifunika kwa utando mwembamba wa alumini safi, ambayo hustahimili hewa vizuri. Hapa ndipo nia njema huleta madhara: watu wanaojitolea hupenda kuing'arisha ndege isiyo na rangi mpaka ionekane kama kioo. Kila wanaposugua, wanaondoa kidogo cha ule utando. Baada ya miaka ya kusugua, wanafika kwenye aloi yenyewe. Inang'aa siku hiyo, kisha inaanza kutoboka kwa vidoa vidogo ambavyo hakuna anayeweza kuvirudisha.

Ndani, hatari haionekani kwa macho ya mgeni. Mchana jua hulipasha joto kiwiliwili, usiku hupoa haraka. Unyevu uliomo hewani hugeuka matone kwenye upande wa ndani wa ngozi, yakateremka nyuma ya yale magodoro mepesi ya kuzuia baridi na kelele. Magodoro hunywa maji kama sponji na kuyashikilia yakigusa metali kwa miezi. Yanayobaki hutuama chini ya sakafu, hasa chini ya jiko na vyoo, mahali ambapo kahawa, juisi na mengine mabaya zaidi yalimwagika kwa miaka yote ya kazi. Ongeza hapo boliti ya chuma iliyopenya kwenye alumini: metali mbili tofauti zikiwa na maji kati yake huwa betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Mihimili minene huvimba na kubanduka matabaka, kama kitabu kilicholowa. Nimewahi kuingiza bisibisi kwenye mhimili wa sakafu wa ndege iliyokuwa inapendeza kweli kwa nje, na bisibisi ikazama bila kusukumwa.

Ndio maana swali langu kwa makumbusho yoyote yanayotaka kupokea ndege kubwa huwa moja: itakaa wapi baada ya miaka 20? Boeing 747 za kwanza zina urefu wa zaidi ya mita 70 na upana wa mabawa unaokaribia mita 60. Hanga la kuimeza ndege hiyo hugharimu kuliko ndege yenyewe, ambayo mara nyingi hutolewa bure. Zawadi hii ya bure ndiyo huwadanganya wengi. Shirika la ndege linaitoa kwa sherehe, picha zinapigwa, halafu bajeti ya kuitunza haipo.

Waliofanya vizuri, wengi walichelewa lakini wakafika. Concorde ya mwisho kuruka, G-BOAF, ilitua Filton tarehe 26 Novemba 2003, mahali ilipotengenezwa, ikakaa nje. Ilibidi ingoje hadi 2017, jengo lake kwenye makumbusho ya Aerospace Bristol lilipofunguliwa. Huko Seattle, 747 ya kwanza kabisa, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 9 Februari 1969, ilikaa nje kwa miaka mingi katika mji unaojulikana kwa mvua, mpaka lilipofunguliwa banda kubwa la Museum of Flight mwaka 2016. Nalipenda sana banda lile kwa sababu moja: ni paa lisilo na kuta kamili. Watu hudhani ni lazima ujenge jumba la kifahari lenye viyoyozi. Paa peke yake huzuia mvua na jua la moja kwa moja, na hao wawili ndio waharibifu wakubwa. Hewa hupita, kiwiliwili hukauka. Kama fedha ni kidogo, jenga paa.

Kuna wanaoshinda kwa hali ya hewa. Pima Air & Space Museum iko Tucson, Arizona, jangwani, na ndege zilizosimama nje huko hudumu kwa namna ambayo isingewezekana kando ya bahari. Lakini hata huko jua lina njaa yake. Hupausha vitambaa vya viti, hufanya plastiki ikatike kwa kuguswa, na hutia nyufa laini kwenye madirisha ya akriliki. Ndege ikifunikwa madirisha yake kwa ndani au kwa nje, msilalamike kwamba haipendezi. Aliyefanya hivyo anaokoa viti msivyoviona.

Kuna kazi nyingine ambazo sizielezi kwa kirefu, ila zipo: tairi hupoteza upepo, kwa hiyo ndege huwekwa juu ya vihimili, injini zikiondolewa lazima uzito urudishwe mahali pake, la sivyo ndege inaweza kukalia mkia, ndege tupu isiyo na mafuta ni nyepesi, na upepo mkali unaweza kuisogeza. Ndege hai, wale wa manyoya, hujenga viota kwenye kila upenyo, na kinyesi chao hula alumini. Kuna vitu vya hatari pia: saa za zamani za chumba cha marubani zilizopakwa radiamu, madini yenye mionzi, ili zing'ae gizani, asbesto, na kwenye baadhi ya 747 za mwanzo vizito vya urani iliyopunguzwa nguvu. Vitu hivyo hutolewa na wenye ujuzi, si na mtu mwenye moyo na bisibisi.

Sasa rangi, maana sikusema haina thamani. Ndege huishi maisha mengi, na kuchagua rangi ni kuchagua ni maisha gani yatakayosimuliwa. VC10 ya mwisho kutengenezwa ilikwenda East African Airways mwaka 1970, ikiwa na usajili wa Tanzania, 5H-MOG. Baadaye jeshi la anga la Uingereza liliigeuza kuwa ndege ya kujaza mafuta angani, ikaitwa ZA150, na mahali walipokuwa wakikaa abiria yakawekwa matangi makubwa ya mafuta. Iliacha kuruka Septemba 2013, ilipotua Dunsfold ikiwa mikononi mwa Brooklands. Ningefurahi kupita kiasi kuiona tena katika rangi za East African. Hata hivyo, kuyang'oa yale matangi ili kurudisha viti kungekuwa kufuta miaka mingi ya utumishi, na viti vyenyewe vingekuwa vya kuigiza. Katika hali kama hii msimamo wangu ni kuacha kilichomo, na kusimulia yaliyotangulia kwa picha na maneno.

Mfano mgumu zaidi ni Landshut, Boeing 737 ya Lufthansa iliyotekwa Oktoba 1977 na kuishia Mogadishu, ambako makomando wa Ujerumani waliwaokoa abiria. Ndege hiyo iliendelea kufanya kazi kwa wamiliki mbalimbali mpaka ikatelekezwa Fortaleza, Brazili, na mwaka 2017 ikarudishwa Ujerumani, Friedrichshafen, ikiwa vipande. Hapa thamani haiko kwenye aina ya ndege, kwa kuwa 737 zipo kila mahali. Iko kwenye ndege hii na siku zile. Ukiipaka upya rangi za 1977 unampa mgeni picha anayoitambua. Ukiiacha ilivyokutwa, unampa ushahidi wa jinsi ilivyosahauliwa. Ningeulizwa mimi, ningeiacha na makovu yake.

Watu huniuliza pia kwa nini tusiziache ziruke, maana ndege ni ya kuruka. Boeing 307 Stratoliner pekee iliyobaki nzima ilifanyiwa matengenezo ya miaka, kisha tarehe 28 Machi 2002 ikaishiwa mafuta, ikatua majini Elliott Bay, Seattle. Hakuna aliyekufa. Mafundi wakaanza upya, na mwaka uliofuata ikaingia jengo la makumbusho la Udvar-Hazy karibu na Washington, iliko mpaka leo. Uswisi hawakuwa na bahati hiyo: tarehe 4 Agosti 2018 Junkers Ju 52 iliyobeba watalii ilianguka milimani, wakafa watu 20. Kwangu mimi, ya mwisho ya aina yake haipaswi kuruka.

Na kama paa haliwezekani? Hapa hugombana na wenzangu. Nasema heri kichwa kilichokauka kuliko ndege nzima inayooza. A300 ya kwanza, iliyofungua historia ya Airbus mwaka 1972, haikuhifadhiwa nzima, lakini kipande cha kiwiliwili chake kiko Deutsches Museum, Munich, na kimekatwa ili mgeni aone fremu, nyaya na sehemu ya mizigo chini ya miguu ya abiria. Kipande hicho kinafundisha. Lakini uamuzi wa kukata ufanywe mapema, metali ikiwa nzima bado, si baada ya miaka 30 ya mvua, wakati kila unachokigusa kinabaki mkononi.

Msimu mmoja niliitwa kukagua ndege ya injini nne iliyokuwa imepakwa rangi mpya miezi michache tu kabla. Wachangaji walikuwa wametoa kwa moyo, na kazi ya rangi ilikuwa nzuri kweli. Nilikuwa na mzee mmoja, fundi mstaafu, aliyezitengeneza ndege za aina ile akiwa kijana. Tulilala chali chini ya tumbo, na hatukuyaona matundu. Mchoraji alikuwa ameyapaka rangi juu, yote. Mzee akatoa waya mwembamba mfukoni, akapapasa kwa kidole mpaka akalipata la kwanza, akalitoboa. Maji yalitoka ya kahawia, yakinuka. Tukaweka ndoo. Ilijaa, tukaweka ya pili, na yeye akasogea kwenye tundu lililofuata.