Tovuti ya biashara ni nini, na hupangwaje kabla ya kujengwa

Tovuti ya biashara ni kurasa za mtandaoni zilizo chini ya anwani inayomilikiwa na biashara yenyewe, zilizopangwa ili mteja apate jibu la swali lake kisha achukue hatua: apige simu, atume ujumbe wa WhatsApp, aagize au alipe. Ukurasa wa Facebook au Instagram hauingii humo hata ukiwa na wafuasi wengi kiasi gani, kwa kuwa anwani ni ya mwenye mtandao huo. Akaunti ikifungwa au ikidukuliwa, huna pa kumwelekeza mteja. Nazo zipo tovuti nyingi hapa Mombasa zenye picha ya Fort Jesus juu, neno "Karibuni" chini yake, na historia ndefu ya kampuni, lakini hazina bei wala nambari ya simu inayobonyezeka. Hizo ni tovuti, ila kwa biashara hazina kazi.

Ndani ya tovuti mna vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya: jina la domeini, yaani anwani yake, nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayoihifadhi, na yaliyomo. Jina ni kibao cha mlangoni, seva ni chumba cha kukodi, yaliyomo ni bidhaa zilizopangwa rafuni. Unaweza kuhama chumba ukabeba kibao na bidhaa zako, mradi kibao ni chako.

Na hapo kwenye kibao ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, shirika la majina ya mtandao la Kenya, na huuzwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Biashara nyingi huchukua .co.ke, na tangu 2017 mtu anaweza pia kusajili jina linaloishia na .ke peke yake. Usajili hulipiwa kwa mwaka. Mazoea ni kumwachia fundi wa tovuti kazi hiyo yote, naye hulisajili kwa jina lake na barua pepe yake. Mkikosana, akihama mji au akibadilisha nambari ya simu, jina linabaki kwake. Basi fungua akaunti mwenyewe kwa msajili, andika jina la biashara kama mmiliki, kisha mpe fundi ruhusa ya kufanya kazi yake. Barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ile inayotumia domeini hiyohiyo. Malipo ya mwaka yakisahaulika, domeini huzimika pamoja na barua pepe zake, na ujumbe wa kukurudishia nywila unatumwa kwenye sanduku ambalo huwezi kulifungua.

Jina lenyewe liwe la kutamkika kwenye simu bila maelezo. Likikulazimu kusema "lina kistari katikati" au "ni herufi C, si K", tafuta jingine.

Seva haihitaji maneno mengi. Duka dogo linatosheka na nafasi ya pamoja, ambapo tovuti nyingi hukaa kwenye mashine moja, ikiwa na WordPress, programu ya kujengea na kuhariri tovuti, na cheti cha usalama kinachofanya anwani ianze na https. Vyeti vya Let's Encrypt ni vya bure, na kampuni nyingi za seva huviweka na kuvihuisha zenyewe. Pasipo cheti, Chrome huandika tangu Julai 2018 kwamba tovuti si salama, na mteja anayetaka kulipa husita hapo hapo. Kuna wanaohofia kwamba seva iliyo Ulaya iko mbali mno. Nyaya za baharini kama SEACOM, TEAMS na EASSy zinatua hapa hapa Mombasa, na umbali huo huongeza sehemu ndogo tu ya sekunde. Kinachomchosha mteja mara nyingi ni uzito wa ukurasa, nalo ni suala la yaliyomo.

Upangaji huanza na maswali ya wateja, kabla ya rangi na nembo. Fungua WhatsApp ya biashara, soma mazungumzo ya wiki chache zilizopita, uandike kila swali lililoulizwa zaidi ya mara moja. Orodha hiyo ndiyo ramani ya tovuti. Duka la leso la Barabara ya Biashara litakuta maswali ya aina hii: doti, yaani jozi ya leso, ni bei gani, ya jumla huanzia doti ngapi, mnatuma Nairobi kwa basi gani, nalipaje, mnafunga saa ngapi Ijumaa. Kurasa tano au sita zinayajibu yote. Kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini ina wateja wa namna nyingine kabisa. Wao wanataka kujua kama ina leseni ya forodha ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, ya mwaka huu, na mtu anayeleta gari kutoka Japani anahitaji karatasi zipi. Kampuni hiyo iwe na ukurasa mmoja kwa kila huduma, na ule wa magari utaje hati ya shehena, ankara, cheti cha ukaguzi na PIN ya KRA, pamoja na kusema wazi gharama zipi ni za serikali na zipi ni za wakala. Ukurasa mmoja wenye kichwa "Huduma zetu" na mistari kumi ya nukta haumsaidii mteja, na Google nayo haioni wa kumwonyesha mtu anayetafuta jambo mahususi.

Kila ukurasa uombe hatua moja. Ukiweka fomu, simu, WhatsApp, kijarida na chumba cha gumzo kwa pamoja, mteja huchagua kuondoka. Kiungo cha WhatsApp huandikwa wa.me/254 kisha nambari iliyobaki, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Sifuri ikiachwa ndani, kiungo hakimfikishi mteja kwako, na mwenye duka anaweza kukaa miezi akidhani wateja hawapo.

Sasa tuchukue ukurasa wa leso tuutazame kwa karibu. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa ni kama megabaiti 4. Ukipandisha leso 12 jinsi zilivyo, ukurasa una megabaiti 48, na mteja anayetumia bando la siku hawezi kuusubiri. Punguza kila picha iwe na upana wa piseli 1200, ihifadhi katika muundo mwepesi wa WebP au JPEG, ishuke hadi kilobaiti 150 hivi. Zote 12 hazitafika megabaiti 2. Picha za chini ziagizwe zipakuliwe mteja anaposhuka kuzitazama, na kila picha iandikiwe upana na urefu wake kwenye msimbo. Usipofanya hivyo, maandishi huruka picha zinapoingia na mteja hubonyeza kitu asichokusudia. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Kuhusu picha yenyewe, leso ikunjuliwe yote ili mji (sehemu ya katikati), pindo na jina (maneno yaliyoandikwa juu yake) vionekane, maana mnunuzi hulitazama jina kabla ya rangi. Kisha lile jina liandikwe tena kama maandishi chini ya picha, herufi kwa herufi. Wateja hutafuta leso kwa jina lake, na jina lililomo ndani ya picha tu si la kutegemea kwamba mtambo wa kutafuta utalisoma. Anayesomewa skrini kwa sauti naye hataambulia kitu. Kazi hii ni ya kuchosha, hakuna fundi anayeipenda, na ndiyo inayoleta wateja wageni kuliko pambo lolote. Bei nayo iandikwe. "Piga simu upate bei" huwafaa wauzaji wanaopenda kumpima mteja kwanza, lakini mnunuzi aliye Kisumu atahamia kwa aliyeiandika.

Kwa malipo, njia mbili zinatosha. Ya kwanza ni kuonyesha nambari ya M-Pesa ya biashara, Till au Paybill, mteja alipe mwenyewe, kisha atume ujumbe wa M-Pesa kwa WhatsApp. Kwa oda chache kwa siku, hiyo ndiyo bora, wala haina aibu. Ya pili ni kuunganisha tovuti na Daraja, mfumo ambao Safaricom iliufungulia watengenezaji programu mwaka 2017. Mteja anabonyeza "Lipa", simu yake inamwomba PIN, na tovuti inapokea taarifa kwamba pesa zimeingia. Ugonjwa wake ni hiyo taarifa. Safaricom huituma kwenye anwani maalumu ya seva yako, na seva ikiwa imelala au kinga yake ikiizuia, pesa zinakuwa zimekatwa ilhali oda inasomeka haijalipwa. Mteja hulipa tena, kisha anakasirika. Fundi aandike programu inayouliza hali ya malipo yenyewe baada ya dakika moja au mbili, asitegemee kuletewa habari tu.

Fomu iombe kile kinachohitajika kufikisha mzigo: jina, simu, mahali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ukusanye taarifa kwa sababu inayoeleweka na umweleze mhusika utazitumiaje. Duka la leso halina haja ya nambari ya kitambulisho cha mtu.

Anwani ya duka iandikwe kama watu wanavyoelekezana mjini: mkabala na nini, ghorofa ya ngapi, ukishukia wapi. Jina, simu na mahali vifanane kabisa na vilivyo kwenye ramani za Google, hata kwa vifupisho.

Kabla ya kufungua, ijaribu tovuti kwa simu ya bei nafuu, Wi-Fi ikiwa imezimwa, hata ukiwa kwenye feri ya Likoni. Jaza fomu mwenyewe uone barua pepe inafika au inatupwa kwenye taka. Ikitupwa, mara nyingi rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, hazijawekwa kwenye domeini. Hakikisha pia kwamba ile alama ya WordPress inayozuia mitambo ya kutafuta imeondolewa. Mafundi huiwasha wakati wa ujenzi, nayo ikisahaulika tovuti nzuri haitaonekana Google kamwe. Kama ulikuwa na tovuti ya zamani, kila anwani yake ielekezwe kwenye ukurasa mpya unaolingana nayo kwa agizo la 301, linalosema kwamba ukurasa umehama moja kwa moja. Kuzielekeza zote ukurasa wa mbele ni kuwapoteza waliokuwa wakifuata kiungo cha bidhaa fulani.

Siku ya kukabidhiana, pokea nywila za msajili, seva na WordPress, pamoja na nakala nzima ya tovuti kwenye diski yako. Ingia kwenye kila akaunti mbele ya fundi, badilisha nywila, kisha mlipe sehemu ya pesa iliyobaki.