Acheni kupiga simenti mabirika ya zamani (na mengine niliyochoka kuyasikia)

Wiki hii kanipigia bwana mmoja karithi shamba, nyumba ya zamani imebaki kuta tu ila bustani bado ipo ipo, birika la mawe (tangi la maji lililojengwa, si la chai), mfereji wake, na vibaraza viwili chini ya miembe. "Fundi, birika linavuja, njoo ulipige simenti na tailizi tumalize." Nikavuta pumzi. Mwaka huu huyu ni wa sita, na wote wanasema neno hilo hilo, tumalize, kama vile birika ni jipu.

Kwa hiyo naandika mara moja, akija wa saba nimwambie akasome kwanza halafu tuongee bei.

Eti simenti ni imara kuliko chokaa. Ngumu ni ngumu, sibishi, na ugumu huo huo ndio unaoua. Kuta zetu za mashambani Unguja, ziwe Mtoni, Maruhubi, Bungi au kwa babu yako, ni mawe ya matumbawe na chokaa. Tumbawe lina matundu, linanyonya maji kutoka chini na linapitisha unyevu wa bahari, na maji hayo yana chumvi. Chokaa nayo ina matundu, kwa hiyo unyevu unaingia na unatoka, chumvi inakauka juu ya lipu, lipu inachakaa taratibu na baada ya miaka unapiga nyingine. Lipu ipo pale ili ife yeye badala ya jiwe. Sasa wewe ukishaifunika na simenti umeziba mlango, maji bado yanapanda kutoka chini lakini hayana pa kutokea, yanatafuta njia kupitia jiwe lenyewe, chumvi inagandia ndani ya jiwe, inavimba, na jiwe linageuka unga. Nimeshabandua simenti ya miaka kumi nikakuta nyuma yake hakuna jiwe, kuna mchanga mweupe unaomwagika kama sukari. Kwa nje ukuta ulikuwa unapendeza kweli. Gonga kwa kifundo cha kidole, ukisikia unalia kama debe tupu ujue huko nyuma pameshaachana.

Halafu kuna ufa. Ukuta wa zamani una msingi mfupi, unacheza kidogo kidogo masika na kiangazi, mizizi ya mwembe nayo inasukuma. Chokaa inavumilia mchezo huo, simenti haijui kuinama, inapasuka, na ufa wa simenti unavuta maji ndani halafu hauyaachii. Ndipo mtu anakuja juu: "fundi tulipiga simenti nzuri kabisa na bado linavuja!" Linavuja kwa sababu mlipiga simenti nzuri kabisa, bwana.

Wakishaishiwa hoja wananambia chokaa ni teknolojia ya umaskini. Husuni Kubwa, jumba la kale kule Kilwa, ina bwawa la pembe nane, la karne ya 14, matumbawe na chokaa. Simenti ya Portland imesajiliwa Uingereza mwaka 1824. Hamamu ya Kidichi, yaani bafu la kifalme hapa Unguja, ni ya 1850, hapo simenti hiyo Ulaya kwenyewe bado ni kitu kigeni, na mapambo ya lipu mle ndani mpaka leo unayasoma, maua, mitende, tausi. Umaskini gani huo.

Nitakubali jambo moja maana watu wataniuliza: chokaa tupu haigandi chini ya maji. Inahitaji hewa. Kwa birika lazima uichanganye na unga wa matofali ya kuchoma au vigae vya udongo vilivyopondwa, huo ndio unaoifanya ishike kwenye maji. Fundi asiyejua hili anapaka chokaa tupu, birika linavuja wiki ya pili, halafu lawama anabebeshwa chokaa. Na mchanga, jamani, mchanga! Mtu anachota mchanga wa pwani na chumvi yake yote anaumwaga kwenye mchanganyiko kwa sababu upo karibu. Uoshe au ununue wa shamba. Mimi naweka chokaa kipimo kimoja mchanga vipimo vitatu, chokaa iwe imelowekwa miezi mitatu angalau, na nikishapaka nafunika magunia mabichi wiki mbili nzima, kila asubuhi na jioni nayamwagia maji. Mteja akinambia wiki mbili ni nyingi namwambia kaa na birika lako. Usipige chokaa nje kwenye jua la Kaskazi mchana, itakauka kabla haijashika na utaifagia kama vumbi.

Haya, mengine nayapitia haraka.

Nguzo za jumba la Maruhubi si mapambo ya bustani na si hekalu. Watu wanapigia picha za harusi pale wanadhani Sultani Sayyid Barghash alisimamisha nguzo ili zipendeze. Zilikuwa zinabeba baraza kubwa la mbao la ghorofani, na mbao zikaungua moto wa 1899, zikabaki nguzo. Jumba lenyewe ni la mwanzoni mwa miaka ya 1880. Ule ukuta wa kuzunguka bustani inasemekana aliuiga kwenye kuta za bustani za Uingereza alikotembelea 1875, na mimi hilo linanifurahisha kuliko stori zote za masuria zinazosimuliwa pale.

Na yale maji yenye mayungiyungi hapo hapo, si bwawa la kuogelea. Ni hifadhi ya maji, yanaletwa kwa mfereji wa juu kwenda hamamu. Tafadhali msiwaambie wageni kwamba wake za mfalme walikuwa wanapiga mbizi humo.

Njia ya siri ya chini kwa chini mpaka baharini. Kila jumba lina yake, kila mzee anamjua mtu aliyeingia akapotea. Unachoonyeshwa ni mtaro wa maji machafu ya bafu. Ndiyo, unaelekea baharini, maji hayo ulitaka yaelekee wapi?

Eti Kidichi ni ya Wareno kwa sababu ina picha za ndege na Waislamu hawachori ndege. Wareno walishaondoka Unguja zaidi ya miaka 150 kabla. Sultani Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, na Waajemi ndege wanachora sana tu.

Eti wazee wetu hawakuwa na bustani za starehe, ilikuwa karafuu na nazi basi. Bibi Salme, binti Sayyid Said aliyezaliwa jumba la Mtoni 1844, kaandika kwamba uani kulikuwa na tausi, swala, mbuni na flamingo wakitembea ovyo, na mbele ya mabafu kuna michungwa mikubwa watoto wakipanda kujificha mwalimu asiwaone. Hiyo kama si bustani ya starehe ni nini.

Mti ulioota ukutani "unashika ukuta usianguke". Nusu kweli, ndiyo maana neno hilo haliishi midomoni mwa watu. Mtini mwitu ukiwa mchanga unapasua, ng'oa leo hii ukiwa na majani manne. Ukishakuwa mkubwa na mizizi imeshakumbatia mawe, ukiukata kwa pupa mizizi inaoza na ukuta unafuata, kwa hiyo unapunguzwa matawi kidogo kidogo huku ukuta unashikizwa. Msilete panga kabla hamjaniita.

Na miembe ya Bi Khole, binti mwingine wa Sayyid Said, kule Bungi. Hadithi ya kwamba kila mwembe una mtumwa aliyechinjwa baada ya kuupanda nimeisikia kwa namna tano tofauti, namba tofauti, sababu tofauti, na watalii wanaipenda mno. Kwamba shamba lake liliendeshwa na watumwa hilo halina ubishi, utumwa umefutwa Unguja 1897, na kazi yao ya kila siku inatisha bila kuongezewa panga. Mimi nikipita pale jicho langu liko kwenye mapengo, miembe mizee inaanguka na mahali pake hapapandwi kitu. Mwenye mche wa mwembe wa kienyeji, si wa kisasa ule mfupi, anijulishe, masika ndo hayo yanakuja.