Je, wajua? Moto ulizidishwa, joto likaacha kutoroka

Pale Ngamiani, Tanga, ukimwambia muuza chai kwamba una haraka, huchukua vikombe viwili, akainua kimoja juu na kumiminia kingine, mara tatu au nne, ukapewa chai inayonyweka. Chai iliyotulia hupoa polepole. Ikivurugwa, ya chini nayo hupata zamu ya kufika juu na kuachia joto lake.

Vurugu hiyohiyo ndiyo imewatesa wanaojenga tokamaki, mtambo wa umbo la tairi uliobuniwa Moscow miaka ya 1950. Ndani yake haidrojeni hupashwa moto hadi ikawa plazima, yaani gesi ya moto mno ambayo elektroni zimebanduka kwenye atomi, ikazuiwa kwa sumaku isiguse kuta, ili viini vya atomi viungane na kutoa nishati kama vifanyavyo kwenye jua. Mtambo wa ITER, unaojengwa Ufaransa, unalenga nyuzi milioni 150, kama mara 10 ya moyo wa jua. Lakini plazima haitulii. Katikati ni moto mkali, pembezoni ni baridi kiasi, na tofauti hiyo huzaa vimbunga vidogo vidogo vinavyobeba joto kulipeleka nje. Ukizidisha moto, msukosuko nao huzidi. Ni kuteka maji kwa pakacha.

Mwaka 1982, kwenye mtambo wa ASDEX huko Garching, Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake walizidisha moto wakaona kioja: walipovuka kiwango fulani, msukosuko wa pembezoni ulinywea ghafla, na muda wa joto kukaa ndani ukawa takriban maradufu!

Kumbe pembezoni huibuka mikondo ya plazima ya kasi tofauti, tabaka moja likiliacha jingine nyuma. Kimbunga kikinaswa hapo, upande mmoja huvutwa mbele na wa pili hubaki. Hurefuka kama donge linalosukumwa chapati, kikakatika vipande visivyoweza kubeba joto mbali. Mikondo hiyo huwa kama ukuta wa kuzuia joto, wenye unene wa sentimita chache tu. Nini hasa huiamsha mikondo hiyo ghafla namna ile, wataalamu wanabishana hadi leo.

Tena ukuta wenyewe huziba mno. Shinikizo hujikusanya ndani, kisha plazima hutema kwa vishindo, kama sufuria ya maharage inayorusha kifuniko, na mitemo mikubwa huweza kuharibu kuta za mtambo. Ndiyo maana ITER, ambao hesabu zake zinategemea ugunduzi huo wa 1982, utafungwa koili (nyaya zilizozungushwa) za ziada za kuisumbua sumaku kidogo pale pembezoni, ili joto livuje taratibu.